Marahaba ya Cornel

Ipagala, Dodoma,
Jumapili, 23 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Hilda,

Shikamoo dada. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti la kushoto limetulia kwa kuwa umepumzika kulima, ingawa nakujua, kupumzika kwako ni kutoka shamba hili kwenda lile. Shemeji Batholomeo naye hajambo? Nimesikia siku hizi anatembea na fimbo. Mwambie fimbo isimdanganye kwamba sasa ni mzee wa kuheshimiwa na mimi. Yeye ni mume wangu wa akiba, na cha akiba hakizeeki. Watoto wa jirani, mbuzi, kuku, wote nawasalimu.

Sisi huku tu wazima. Mvua ilikata mapema, mahindi ya watu yamesinyaa, wenye zabibu ndio wanaocheka peke yao. Kazini masijala bado tunahamisha mafaili kupeleka ofisi mpya za Mtumba, na kila yakihama linapotea moja, na kila likipotea naulizwa mimi. Mlenda mkavu uliompa Matonya wa lori aniletee umefika, na karanga pia. Niliupika siku ileile nikala peke yangu mpaka nikajionea aibu. Hiyo ilikuwa aibu ndogo. Ninayokuandikia leo ni kubwa zaidi, na ndiyo iliyonikalisha mezani tangu tulipotoka kanisani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bwenini, nikikuomba sabuni. Lakini dada, simu ndiyo iliyonitia katika jambo hili, na sitaki kuiamini tena. Halafu wewe simu yako unaiweka mezani, unaifungulia sauti yote, mtu akikusalimu wanaitika hadi kuku. Kwa hiyo nimeandika, na Matonya atakuletea mkononi lori lake likirudi huko Mvumi. Nakuomba uisome peke yako kwanza. Na ile tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho ili ujue kama kuna msiba, safari hii uiache. Msiba hakuna. Soma kama nilivyoandika, hatua kwa hatua, maana nikianza na mwisho sitathubutu kufika mwanzo.

Barua hii ni ya Cornel.

Uliponipigia wiki iliyopita uliniambia kwamba tangu mwezi wa pili hujaiitikia shikamoo yake. Anapiga kila Jumapili baada ya ibada, unasikia sauti yake ikisema shikamoo mama, nawe unampa baba yake simu bila neno. Ukasema unafanya hivyo kwa ajili yangu, kwa sababu mtoto aliyemtukana mama yake mdogo hadharani amemtukana mama aliyemzaa, na hutamwitikia mpaka aachane na gitaa na wenzake wale wa ghalani. Ukaniomba nimwombee abadilike. Nilikujibu amina. Tulipoagana nikapiga magoti kando ya kitanda nikakosa neno hata moja la kusema, nikainuka nikaenda kuosha vyombo.

Unakumbuka jambo lilivyoanza. Ulisikia kutoka kwa mtoto wa jirani yako anayesoma huku kwamba Cornel amejiunga na bendi ya roki, kwamba Jumamosi hakai nyumbani, kwamba wanakutana kwenye ghala moja, wanavaa fulana nyeusi zenye mafuvu, na wanaabudu mashetani. Ukanilaumu kidogo, ukasema mtoto anaishi nyumbani kwangu, anakula chakula changu, nawezaje kutojua. Nilijua anapiga gitaa. Gitaa alijifunza huko huko Mvumi kwenye kwaya ya vijana, hata wewe ulikuwa ukijisifu. Sikujua kwamba sasa lina waya na linapiga kelele. Ukaniagiza niende nikaone kwa macho yangu, na nikimkuta nimtoe, ikibidi kwa sikio.

Nilikubali kwa moyo mweupe, dada, tena kwa majivuno. Mimi ni mlezi wa kwaya. Unajua nilivyo. Mwezi wa kumi na mbili Miriam, yule binti wa sauti ya pili mwenye mwanya, alitikisa mabega kwenye sherehe ya harusi muziki wa disko ulipopigwa, naye bado amevaa sare ya kwaya. Nilimsimamisha mbele ya wenzake akaomba radhi huku analia, kisha nikamzuia kuimba hadi mwezi wa pili. Krismasi nzima alikaa kwenye viti vya nyuma, akiimba kwa midomo bila sauti. Kwa hiyo kumfuata kijana mmoja ghalani niliona ni kazi yangu hasa. Nikavaa kitenge kile cha jubilei ya kwaya, nikatia Biblia na kitabu cha Tenzi kwenye mkoba, nikaondoka mchana wa Jumamosi najisikia kama askari.

Ghala lenyewe liko hapa hapa Ipagala, nyuma ya karakana moja. Zamani walikuwa wakiweka zabibu, na ukuta hadi leo una harufu ya uchachu. Nje kulikuwa na foleni ya vijana, wengi wanachuo. Fulana nyeusi zilikuwapo, mafuvu yalikuwapo, hereni kwenye masikio ya wavulana zilikuwapo, na msichana mmoja alikuwa amepaka midomo rangi nyeusi kama aliyekula zambarau. Yule wa mlangoni aliponiona alisimama, akanipa shikamoo, akaniuliza mimi ni mzazi wa nani. Nilikuwa nimepanga kumjibu kwa ukali. Nikajikuta nasema ni wa Cornel. Akageuka akawatangazia wenzake kwamba mama yake Cornel amekuja, na kiingilio akakikataa, akasema wazazi hawalipi. Basi foleni yote ikaanza. Shikamoo mama, shikamoo mama, wa hereni, wa mafuvu, na yule wa midomo myeusi akapiga na goti. Niliitikia marahaba mpaka mate yakanikauka.

Ndani ni chumba kidogo, dada, kidogo kuliko ukumbi wetu wa parokia. Kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Nilidhani mwenye ghala anafuga kuku, nikatafuta kuku. Baadaye nikaambiwa trei zinapunguza mwangwi na kuwafichia majirani kelele. Jukwaa ni mbao zilizowekwa juu ya matofali, na juu yake spika, nyaya, na ngoma zile za kizungu zenye visahani.

Cornel alikuwa ameinama anafunga waya. Nilijua akiniona atakimbia, au atanikasirikia kwa kumfuata kama mtoto wa chekechea. Alipoinua macho aliweka waya chini, akaja, akainama, akasema shikamoo mama mdogo, akanipokea mkoba. Akanitafutia kiti. Vingi vilikuwa stuli na makreti ya soda, kiti chenye mgongo kilikuwa kimoja, na kwenye hicho alikuwa ameketi fundi mitambo. Akamwomba ahame. Akakiweka mbele, akaniletea soda, na mara akarudi mbio na pamba, akasema masikio yangu hayajazoea, nizibe. Nakuomba uikumbuke pamba hiyo. Nitakuja kuihitaji.

Akaniletea wenzake wanisalimu. Bendi yao inaitwa Kiangazi. Mpiga ngoma ni msichana, anaitwa Bupe, mtu wa Mbeya, mikono yake myembamba nikashangaa itampiga nani. Mpiga gitaa la besi ni Uwesu, kijana wa Kondoa, mpole, hakuniangalia usoni aliponisalimu. Waliniambia siku hiyo zinapiga bendi tatu, zote changa, hakuna hata moja iliyowahi kurekodi.

Ya kwanza ilinitisha. Mwimbaji alikuwa kijana wa miguu kama mianzi, lakini alipofungua mdomo ilitoka sauti ya fahali. Maneno sikuyashika hata moja. Mpigo nilikuwa nausikia kifuani, kama mtu anagonga mlango ulio ndani yangu. Vijana wote wakainamisha vichwa, wakavitikisa juu chini, juu chini, nywele za wasichana zikaruka. Nikaukumbatia mkoba wangu wenye Biblia, nikasema Bwana nirehemu, na ile pamba nikaisukuma ndani zaidi.

Ya pili ilikuwa na mambo yake. Katikati ya wimbo gitaa lao lilikatika uzi, na la akiba hawana. Mwimbaji akabaki anatoa jasho. Nilingoja watu wazomee, maana mimi naijua hadhara ya mashindano ya kwaya, kwaya ikikosea noti tunavyofurahi upande wa pili. Hakuna aliyezomea. Cornel alipanda akawavulia gitaa lake, wakaendelea kutoka pale pale walipokatikia, na watu wakashangilia kuliko mwanzo. Niliona haya kidogo kwa ajili ya kwaya zetu.

Kisha jua likaanza kuzama, na adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Fundi mitambo akashusha kila kitu. Uwesu na wengine kadhaa wakatoka nje kutawadha, wakatandika mkeka pembeni mwa karakana wakaswali, nasi tulioachwa ndani tukasubiri, wengine wakinong'ona. Msichana wa midomo myeusi akanipa njugu kutoka kwenye karatasi yake. Nikawa natafuna njugu najiuliza, hawa ndio waabudu mashetani? Nikatafuta nini nitakuambia, nikaona kwamba nitakuambia hivyo hivyo.

Ndipo wakapanda Kiangazi.

Wimbo wa kwanza na wa pili ulikuwa wa kelele zao za kawaida, ila kelele ya mtu wako haiumizi kama ya mgeni. Wa tatu ulianza na ngoma peke yake. Bupe akapiga taratibu, na mkono wangu ukasimama na njugu mdomoni. Dada, ilikuwa muheme, ngoma yetu wanawake wa Kigogo. Ilikuwa muheme ya mama. Ule mpigo wake mwenyewe, wenye kujikwaa kidogo kabla ya kurudi, ambao wanawake wengine walikuwa wakimcheka kwamba Mama Hilda anachechemea kwenye ngoma. Cornel akaingia na gitaa juu yake, akaimba kwamba bibi afungue dirisha, vumbi limetua, mgeni aliyemngoja ndiye huyu. Baadaye niliuliza ameutoa wapi mpigo ule. Akasema bibi alikuwa akiupiga kwenye ndoo tupu kila akimwogesha, asilie sabuni ikimwingia machoni, na kwamba yeye Cornel ndiye aliyemfundisha Bupe kuupiga.

Unakumbuka tulipomzika mama. Wenzake wa muheme walikuja na ngoma zao, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba marehemu ni mkristo, ziimbwe Tenzi tu. Wakaziweka ngoma chini ya ukuta wakakaa kimya. Wewe hukusema kitu siku ile, nami sikuwahi kukuuliza. Tangu hapo sikuwa nimeusikia mpigo ule, hadi ulipotoka mikononi mwa mtoto wa Kinyakyusa ghalani Ipagala.

Sijui nani aliyenipigisha kigelegele. Kilinitoka. Nikasimama, mabega yakaanza yenyewe, yale yale mabega niliyomwadhibia Miriam, na kitenge cha jubilei mwilini. Vijana wakafungua nafasi. Kulikuwa na ndoo tupu ya rangi kando ya jukwaa. Nikaivuta, nikaketi, nikaibana katikati ya magoti kama mama, nikapiga. Bupe akanitazama, akanipisha, mimi nikapiga na yeye akajibu. Uwesu, yule mpole, alikuwa anacheka meno yote nje. Nilicheza mpaka kilemba kikaanguka. Dada, tangu nifiwe na mume wangu sikumbuki siku niliyofurahi hivyo, na sitaki kukuficha tena hata furaha.

Tuliporudi nyumbani Cornel alinibebea mkoba. Tulicheka njia nzima. Nilimwambia nitazungumza na mama yake, nitamweleza nilivyoona, asiwe na wasiwasi. Nilimwahidi kwa kinywa changu. Akasema asante mama mdogo, na usiku ule aliosha masufuria yote bila kuambiwa.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa.

Ulinipigia Alhamisi iliyofuata, tuko mazoezini. Ilikuwa ndiyo siku Miriam anarudi baada ya adhabu. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, sare ameinyoosha, macho chini, na mimi ndio kwanza nimemaliza kuwahubiria wote kuhusu mwili wa mwimbaji kuwa hekalu. Mikono yangu ilikuwa imejaa madaftari ya nyimbo, nikabonyeza simu na kuiweka juu ya kinanda, nayo ikafunguka sauti yote, kama yako. Ukauliza, na wewe sauti unayo, kama nilikwenda kule kwa mashetani. Wote wakanigeukia. Nikasema nilikwenda. Ukauliza nimeona nini. Hapo nilimtazama Miriam. Nilijiona mimi na ndoo yangu, kilemba chini, mabega yanakwenda, nikaona kwamba nikisema kweli yule mtoto atainua macho. Nikasema nimeona giza na aibu.

Ukaniuliza kama nilimtoa. Nilipaswa kusema sikumtoa. Neno moja tu. Lakini ungeuliza kwa nini, na wao wangesikia. Nikasema nilimwita, akanijibu vibaya mbele ya watu. Ukauliza alinijibu nini. Nikasema aliniambia niende zangu nikafuge kwaya yangu, yeye si mtoto.

Hilda, hakusema hivyo. Hakunijibu neno lolote baya siku ile wala siku nyingine. Aliniletea pamba. Maneno yale niliyatunga pale pale mbele ya kinanda, na kumbe nilikuwa na kipaji, kwa sababu wanakwaya wote wakanihurumia. Wengine walisema watoto wa siku hizi. Miriam ndiye aliyeinuka akaniletea kiti.

Nilidhani yataishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, tunawafundisha watoto wa Jumapili, lakini ukiwa ndani yake unaiona ndefu, unadhani utapata mahali pa kugeukia. Nilijiambia nitakupigia nikifika nyumbani. Nilipofika ulikuwa umeshampigia Cornel. Kisha ukanipigia mimi, unalia, unaniomba radhi kwa niaba yake, unasema pole mdogo wangu kwa kuaibishwa. Ukasema umemuuliza mwenyewe kama ni kweli alinijibu hivyo. Ukasema alikiri na kuomba msamaha.

Nilikaa kitandani simu ikiwa sikioni, wewe ulishakata.

Alikiri kosa nililolitunga mimi. Aliporudi nilimkuta sebuleni anapiga pasi shati la chuo. Nilimuuliza kwa nini, sikuweza kuuliza zaidi ya hapo. Hakuinua macho kutoka kwenye shati. Alisema tu kwamba mama ana ndugu mmoja, na akijua ndugu huyo humwambia uongo atabaki hana. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ningekupigia usiku ule ule. Sikupiga. Kila siku iliyopita ilinifanya niogope zaidi, na wewe kila ukipiga ulinishukuru zaidi. Ulinitumia na mlenda.

Wakati huo mtoto amelifunga gitaa kwenye khanga yangu kuukuu na kuliweka juu ya kabati, na hilo nalo sikukuambia. Bupe na Uwesu wamekuja kumwomba. Jumamosi inayofuata Pasaka zinakuja bendi changa kutoka Arusha na Dar, na Kiangazi ndio waliopangiwa kufungua. Amewaambia watafute mpigaji mwingine, lakini mpigo wa mama nani mwingine ataushika? Bupe aliniangalia mimi alipokuwa akiondoka. Anajua niko upande gani wa ndoo, hajui niko upande gani wa jambo hili. Na Pasaka Cornel amesema hatakuja Mvumi. Hakusema kwa hasira. Alisema hawezi kuingia nyumba ambayo salamu yake inaanguka mlangoni.

Na kila asubuhi, dada, kabla sijaenda kazini, anagonga mlango wa chumba changu na kusema shikamoo mama mdogo. Nami naitikia. Marahaba anayoikosa kwako anaipata kwa mwizi wake.

Nimekuandikia yote sasa. Sikuombi unisamehe leo, najua ulivyo na hasira ya polepole, nami nimeistahili. Alhamisi nitasimama mbele ya kwaya niwaambie kuhusu ndoo, na kuhusu simu, na nitaanza na Miriam. Naogopa sana. Alhamisi iliyopita nilishafungua mdomo nikaishia kutangaza michango ya sare. Ndiyo maana barua hii inatangulia, ili hata nikishindwa kule, wewe uwe umekwisha kujua, nami nisiwe na mahali pa kurudi. Nyani haoni kundule, lakini mimi nimeonyeshwa langu na mtoto aliyenivumilia bila kunicheka.

Cornel hajui kwamba nimekuandikia. Usimwambie umepata wapi habari hizi kama hutaki. Jumapili ijayo akitoka kanisani atakupigia, kama kawaida yake, na neno la kwanza litakuwa lile lile. Hajaliacha hata mara moja, ingawa ameshazoea ukimya unaofuata. Usimpe baba yake simu.

Nisalimie shemeji, mwambie utani wangu umepungua kidogo lakini utarudi. Wasalimie wenzake mama wa muheme waliobaki, na kama bado wako wanaokumbuka siku ya mazishi, waambie Edina anawaomba radhi, na kwamba mpigo wa Mama Hilda upo hai. Ule mguu upake mafuta ya moto kabla ya kulala, usinidanganye kwamba unapaka.

Jambo la mwisho. Nimeanza barua hii kwa kukuamkia, kama inavyompasa mdogo. Shikamoo yangu hiyo iache ikae hapo juu ya karatasi bila kuitikiwa, muda wote utakaoona unafaa. Ya Cornel usiicheleweshe.

Ni mimi mdogo wako,
Edina.